Siku ya Kwanza, kwa Mara ya Sita

"Leo ni siku ya kwanza," mume wangu aliniambia Jumapili ile asubuhi, akiwa amesimama upande wake wa geti la ndani na kikombe cha chai mkononi.

Nilikuwa nimeolewa siku sabini na tatu. Mwanamke aliyeolewa siku sabini na tatu hapaswi kuambiwa leo ni siku ya kwanza, labda awe anaambiwa kwa mahaba, na mume wangu hakuwa akizungumzia mahaba. Alikuwa akizungumzia mbwa.

"Tena?" nikamuuliza.

"Jana jioni amenguruma. Ulikuwa bafuni."

"Bafu liko hatua nne kutoka hapo. Sikusikia kitu."

"Ulikuwa umefungua maji," akasema, akaangalia ndani ya kikombe kana kwamba chai ndiyo iliyomtuma.

Nieleze kidogo, maana mtu akisikia nusu anaweza kudhani nyumba yetu ni kituo cha polisi. Mimi ni fundi wa makochi. Navua makochi nguo zao za zamani, natoa sponji lililochoka, navisha upya, na vidole vyangu vina gundi isiyotoka hata siku ya harusi. Kazi hiyo nimeifanya miaka minane nikiwa na mbwa wangu Kabati, ambaye jina lake linajieleza: akisimama mlangoni, mteja hapiti. Nilimchukua mdogo mwaka niliofungua karakana, wakati sina wateja wala mwenza, na siku nyingi yeye ndiye aliyekuwa wangu wa kuongea naye tangu asubuhi mpaka jioni. Mwanaume wa kunioa ilibidi atuchukue wote wawili.

Akapatikana. Alikuwa mkaguzi wa mizani, na alikuja kwangu na kiti cha ofisini kilichochanika. Alirudi kukiangalia mara tatu kabla hakijaisha, na mara ya nne akaja wakati kiti kiko ofisini kwake kimeshakaliwa wiki nzima. Aliniita Fundi tangu siku ile, na hajawahi kuniita kingine. Sokoni kila mtu anamjua. Mizani ikikosea gramu mbili hagongi muhuri, hata uwe mjomba wake, na mjomba wake anauza mchele na anajua. Huyo ndiye niliyempenda, mtu ambaye mkono wake hauwezi kuandika namba ya uongo. Wanawake wengine wanapenda sauti, wengine mabega. Mimi nilipenda hilo, ingawa mabega pia yalikuwepo.

Tatizo lilikuwa dada yake. Mama yao alifariki mume wangu akiwa na miaka sita, dada akiwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mchumba. Mchumba akaachwa, mdogo akalelewa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia hata ukitaka, na mimi nilitaka. Wifi hakunipenda. Hakuwahi kunitukana. Alisema tu, mbele ya familia nzima, kwamba anashangaa mdogo wake anaenda kuishi na mnyama mwenye ukubwa wa ndama, na kwamba nyumba yenye mnyama kama huyo siku moja italetewa mtoto mchanga, na siku hiyo nani atajibu.

Wifi anafuga mbwa wale wadogo wa mapajani, aina isiyokua, wanaobaki na ukubwa wa kiatu mpaka uzeeni. Siku ya harusi alikuja na kikapu kilichofungwa utepe mweupe. Ndani mlikuwa na kitoto cha mbwa cha rangi ya maziwa yaliyoungua, macho mawili na pua, vingine vyote manyoya. Zawadi ya dada aliyekulea haikataliwi. Tukamwita Punje, na mimi na ukali wangu wote nikampenda kabla keki haijakatwa.

Pamoja na kikapu ilikuja karatasi. Ilisema mbwa mkubwa na mdogo wazoeshwe kwa siku arobaini. Kuwe na geti la mbao katikati ya nyumba. Kila siku wabadilishiwe vitambaa ili kila mmoja ajue harufu ya mwenzake. Wasiachwe chumba kimoja hata sekunde, kwani mguu wa mkubwa, hata kwa mchezo tu, unavunja mgongo wa mdogo. Mbwa mkubwa asiende kazini na mtu, akae nyumbani azoee. Mkubwa akinguruma, hesabu inaanza upya. Siku ya arobaini dada mwenyewe angekuja kuangalia. Mume wangu, mtu wa vipimo, aliipokea karatasi ile kama sheria iliyopitishwa. Akatundika daftari kwenye msumari kando ya geti na kalamu imefungwa kwa uzi.

Sasa ongeza hili: Kabati akilala peke yake analia mtaa mzima usilale, na Punje alikuwa mdogo mno kuachwa. Kwa hiyo kila mbwa akapewa mtu. Mimi na Kabati tukapewa sebule. Mume wangu na Punje wakapewa chumba cha kulala, chenye kitanda nilichokishonea ubao wa kichwani kwa mahameli ya kijani, wiki mbili nzima, nikiwaza mambo ya bibi harusi. Siku arobaini, tukasema. Si tulingojeana mwaka mzima? Siku ya tisa Kabati akanguruma. Tukaanza upya. Siku ya kumi na nne akanguruma. Siku ya kumi na moja, ya kumi na saba, na sasa, tulipofika ishirini na mbili na nimeshaanza kupumua, eti jana nikiwa bafuni.

Sitaki kuficha, nilikuwa nimechoka. Kuna siku alinipitishia kitambaa cha Punje juu ya geti na vidole vyetu vikagusana, nami nikabaki nimekikumbatia kitambaa cha mbwa kifuani kama msichana wa shule aliyepewa barua. Mume wangu wa ndoa. Tulikuwa tunatazamana juu ya mbao zile wakati wa kula, yeye na sahani yake, mimi na yangu, na macho yake yalikuwa yananiambia mambo ambayo daftari halikuruhusu. Mama yangu kwenye simu aliuliza ndoa gani hiyo ya kutembeleana. Nikamjibu kwamba afadhali wanaotembeleana, wanafunguliwa mlango.

"Kuna jambo jingine," akasema mume wangu asubuhi ile. "Jana nilimpigia dada, nikamwambia tumerudi mwanzo. Amesema imetosha. Anakuja saa nne."

"Kuja kufanya nini?"

Akaweka kikombe chini. "Ana rafiki mwenye ghala la mbao. Wanataka mbwa wa ulinzi. Anakuja na gari kumchukua Kabati."

Kabati alikuwa amelala nyuma yangu, kidevu juu ya kiatu changu. Aliposikia jina lake akapiga mkia mara moja sakafuni, akaendelea kulala.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimesema tutaongea akifika."

"Mtaongea."

"Fundi, ni dada yangu. Siwezi kumkatalia kwenye simu."

"Basi nisikilize na mimi, na mimi nipo hapa, sipo kwenye simu. Kabati akitoka kwenye mlango ule, natoka naye. Sikutishi. Nakupa taarifa ili usije ukasema hukujua."

Ndani ya shati la mume wangu Punje akatoa kichwa, akanitazama, akarudi ndani. Mume wangu akasema anaenda kumtoa nje akojoe. Mlango wa nyuma ukajifunga taratibu, maana hata akikimbia ugomvi hajui kubamiza mlango.

Nilibaki na hasira isiyo na mtu wa kuimalizia. Ndipo nikalitungua daftari. Sikuwahi kulisoma. Lilikuwa lake, mwandiko wake ni wa kiserikali, na matokeo nilikuwa naambiwa kwa mdomo. Nililifungua nikitaka tu kuhesabu ni mara ngapi mbwa wangu ametukosea, nijue nimkasirikie kiasi gani.

Mara ya tatu ndiyo iliyonisimamisha. Ilikuwa Jumatano. *Saa sita na robo mchana. Mbwa mkubwa amenguruma getini, sekunde nne. Kurudi siku ya kwanza.* Mume wangu huja nyumbani mchana kumtoa Punje, kwa hiyo saa yenyewe haikuwa ajabu. Ila Jumatano ile naikumbuka. Ndiyo siku fundi bomba alikuja kuvunja sakafu ya jikoni, akasema haingii nyumba yenye mbwa huyo, nami nikavunja sheria ya karatasi nikamchukua Kabati karakana tangu asubuhi. Saa sita na robo Kabati alikuwa amelala nyuma ya kochi la watu watatu la daktari wa meno, na mimi nilikuwa nashona pembe ya kochi hilo kwa sindano iliyopinda, nikimwambia Kabati asikorome. Jioni mume wangu aliponiambia amenguruma, sikuuliza saa ngapi. Nani anauliza saa ya mngurumo?

Nikasoma mstari ule mara tatu. Mtu asiyegonga muhuri mizani yenye kosa la gramu mbili alikuwa ameandika mngurumo wa mbwa ambaye hakuwepo.

Nikaona yote, au nilidhani nimeyaona. Kumbe alikuwa anamtengenezea mbwa wangu kesi. Yeye na dada yake. Mngurumo mmoja hapa, mmoja pale, mpaka daftari lijae na gari lije, na mimi niambiwe kwa upole kwamba kila kitu kimejaribiwa. Nilikaa kwenye mkono wa kochi. Nakumbuka nilijiuliza kama aliwahi kunipenda au alikuwa anapenda kuwa na kiti kilichoshonwa vizuri.

Aliporudi nilikuwa nimesimama getini na daftari limefunguliwa.

"Soma hapa," nikamwambia.

Akasoma. Hakuhitaji kusoma mara mbili.

"Kabati alikuwa wapi siku hiyo?"

"Fundi."

"Nakuuliza kama unavyowauliza watu sokoni. Alikuwa wapi?"

"Karakana," akasema. "Nilikuja mchana sikumkuta. Nikaandika hata hivyo."

"Na hizi nyingine?"

Punje alikuwa anatafuna kifungo cha shati la mume wangu na hakumzuia.

"Zote," akasema. "Kabati hajawahi kunguruma hata mara moja."

Nilishika mbao za geti. Nikamuuliza dada yake alimwahidi nini. Nikamuuliza kama ghala la mbao lilikuwepo tangu mwanzo, kama kikapu na utepe vilikuwa sehemu ya mpango, kama siku ile alipopiga magoti kwenye sponji langu kuniomba nimkubali alikuwa tayari anajua. Niliuliza mengi, mengine sitayarudia, na yeye akasubiri niishiwe pumzi kama anavyosubiri mshale wa mizani utulie.

"Siku ya harusi," akasema, "dada alinishika mkono akaniomba kitu. Siku ya arobaini anakuja, anamweka Punje chini mbele ya Kabati. Kabati akinguruma, hata mara moja, anaondoka. Nikasema ndiyo. Alikuwa analia. Nikasema ndiyo."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Halafu tukafika siku ya tisa, nikakuona asubuhi umelala sakafuni na kichwa chako kiko juu ya tumbo lake, wote wawili mmelala. Nikahesabu. Zimebaki thelathini na moja. Nikaandika amenguruma."

Sikumwelewa.

"Siku ya arobaini ikifika, unaweza ukampoteza," akasema. "Isipofika, humpotezi. Sikuwa na njia nyingine ya kuizuia isifike."

Ikaniingia polepole. Siku ya tisa, ya kumi na nne, ya kumi na moja. Kila mara nilipokuwa namlaani Kabati kimoyomoyo, na kumlaani mume wangu kwa kuamini karatasi kuliko ngozi yake mwenyewe, yeye alikuwa anaisogeza mbele siku ile kwa mkono wake, kwa mwandiko wake mzuri, akivunja kitu cha pekee alichokuwa anajivunia. Alikuwa anampigania mbwa wangu. Alikuwa anampigania kwa njia ya kijinga kuliko zote alizoweza kuzipata.

Nilitaka kumbusu na nilitaka kumpiga na daftari, na sikujua kipi kianze.

"Na mimi?" nikasema. "Umenipa mbwa wangu, sawa. Mume wangu umenipa lini? Siku sabini na tatu nalala sebuleni nakusikia unageuka kitandani. Nilidhani hutaki. Nilidhani umeona gundi mikononi mwangu ukajutia."

"Mimi nijutie?" Uso wake ulibadilika kabisa. "Fundi, mimi silali."

"Mimi pia silali. Tulikuwa watu wawili tusiolala ndani ya nyumba moja, kwa sababu unamwogopa dada yako."

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakubisha. Nikamwambia kwamba simtaki mwanaume wa kuniokoa kwenye daftari. Saa nne dada yake akigonga mlango, ayaseme haya kwa mdomo wake, au nitachukua kamba ya Kabati mwenyewe na hatutangoja gari la mtu.

Wifi hakuchelewa. Hajawahi kuchelewa maishani. Aliingia na gauni lake la Jumapili, mkoba mkononi, na kamba mpya ya ngozi ambayo bado ilikuwa na karatasi ya duka. Nje dereva alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari. Alinisalimia vizuri, nikamwamkia, akauliza hali ya mama yangu. Kisha akauliza hali ya Punje, na hapo sauti yake ikalainika kikweli, na nikakumbuka kwamba mwanamke huyu anawalisha watoto wa mbwa wagonjwa kwa kijiko.

Akasimama katikati, mimi na Kabati upande huu, mdogo wake upande ule. Akaomba daftari. Nikampa. Akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa, akitikisa kichwa.

"Mara tano," akasema. "Mwanangu, hakuna mtu atakayesema hamkujaribu." Alimwita mwanangu alipokuwa na huruma naye. "Wifi, najua unampenda. Huko anakokwenda atapata uwanja mkubwa."

Nilimtazama mume wangu, na nadhani sijawahi kumtazama mtu namna ile, nikimvuta kwa macho kama mtu anayevuta kitambaa kigumu kwenye kona ya kochi. Alikuwa amekauka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Wifi akaanza kuikunjua ile kamba.

"Dada, hilo daftari ni la uongo," akasema mume wangu.

"La uongo vipi?"

"Nimelijaza uongo mimi. Kabati hajanguruma. Niliandika ili siku ya arobaini isifike."

Wifi akavua miwani. Alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi, akatafuta mkono wangu kwenye jambo hilo na hakuuona, kwa sababu haukuwepo.

"Wewe," akasema. "Wewe ninayekujua mimi, ukaandika uongo?"

"Mara tano."

"Kwa ajili ya mbwa?"

"Kwa ajili ya mke wangu. Na kwa sababu nilishindwa kukuambia hapana. Nakuambia sasa."

Nilidhani atapaza sauti. Badala yake alikaa kwenye kiti cha karibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana umri. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye hakuomba kingine, ameomba tu nyumba ya mdogo wake isiwe na hatari. Kisha akajikusanya. Kama Kabati hajawahi kunguruma, akasema, basi jambo ni jepesi. Geti lifunguliwe sasa hivi, Punje awekwe chini, tuone. Akikaa kimya, yeye anaondoka na kamba yake na hatasema neno tena. Akinguruma, ahadi ni ahadi.

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, na niliona mume wangu anaitaka. Mimi mwenyewe niliitaka. Siku sabini na tatu bila mngurumo hata mmoja, nani angeogopa?

"Hapana," akasema mume wangu.

"Unaogopa nini?"

"Siogopi. Simpimi tena, Dada. Anaishi hapa."

Akafungua geti. Hakumweka Punje chini. Alipita naye, mkono mmoja chini ya tumbo lake, akaja upande wangu, akakaa sakafuni na viatu vyake vya kazini, mgongo kwenye kochi, hatua moja kutoka kwa Kabati. Sikuwa nimemwona karibu hivyo kwa muda mrefu. Kulikuwa na nywele mbili nyeupe juu ya sikio lake ambazo sikuzijua.

Kabati akainuka. Akanusa kiatu, akanusa goti, akafika kwenye mkono wenye Punje. Punje, asiye na akili wala woga, akachomoka mkononi akarukia pua ile na kuiuma kwa meno yake ya sindano.

Kabati akanguruma.

Haukuwa mngurumo wa kuandikwa. Ulitoka chini kabisa, ukaingia kwenye mbao za sakafu, niliusikia miguuni. Punje akaanguka kitako. Wifi alikuwa ameshasimama.

"Umesikia?" akasema. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia." Mume wangu hakuinuka. Alimchukua Punje, akamhamishia upande wake wa pili, akabaki ameketi pale pale. "Amemwambia asogee. Amesogea."

Kabati akamtazama, akapiga chafya, akalala. Punje akachungulia juu ya paja la mume wangu, akafikiri, na hakurudi kwenye pua.

Wifi alingoja. Nadhani alikuwa anangoja mdogo wake ageuze kichwa amtazame usoni, kama alivyofanya tangu ana miaka sita kila alipotaka kujua kama amekosea. Hakugeuka. Wifi akaizungusha kamba mpya kwenye kiganja, akaitia mkobani, ikakataa kuingia, akaisukuma kwa nguvu.

"Huyo mdogo akidhuriwa," akasema akiwa mlangoni, "usinipigie simu."

"Nitakupigia wewe wa kwanza," akasema mume wangu. "Kwani nina dada mwingine?"

Nilimsindikiza mpaka nje, kwa kuwa ni wifi yangu na ni mkubwa. Dereva akauliza mbwa yuko wapi, akaambiwa afunge mlango wa gari. Wifi alipokuwa anaingia aliniambia Punje asipewe maziwa, tumbo lake halitaki, na nikasema sawa, Dada. Sikuwahi kumwita hivyo. Hakuonyesha kama amesikia, na gari likaondoka.

Niliporudi ndani mume wangu alikuwa bado sakafuni. Alikuwa analia kama wanaume wasiozoea wanavyolia, bila sauti, akishangaa. Mbwa mmoja huku, mmoja huku, hakuna aliyemjali mwenzake.

"Usidhani nimekusamehe," nikamwambia.

"Najua."

"Mtu wa mizani. Mara tano. Bado nimekasirika na nitaendelea kukasirika wiki nzima, pengine mbili."

"Sawa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Utakasirikia wapi? Hapa au kwa mama?"

Niliangalia chini. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limejaa sebuleni, na hapakuwa na kazi yoyote ya mtu kumpeleka mbwa popote. Nikamwambia asogee, na alikuwa hana pa kusogea, kwa hiyo nikakaa juu ya mguu wake, nikaegemea bega lake kwa uzito wangu wote, nikiwa na hasira, na nikakaa hapo mpaka mguu wake ukafa ganzi na hakuniomba niinuke.